Macho ya mtakatifu kwenye picha hayakufuati

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye makundi ya gumzo: eti picha za kale za watakatifu, zile zilizochorwa kwenye bati Mexico au kwenye kioo Romania, zina macho ya miujiza. Popote usimamapo kwenye maonyesho, yanakufuata.

Anayesema hivyo hadanganyi, ndivyo anavyoona. Ila picha ni bapa. Aliyechorwa akitazama mbele ataonekana akikutazama hata ukisogea pembeni, kwa kuwa, tofauti na sanamu, uso wake haufichui upande mwingine. Bandika ukutani picha yako ya pasipoti, kisha tembea huku na huko: nayo itakufuata. Mbele ya mtakatifu, ukimya na ibada huongeza msisimko.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.