Mmoja Mtumba, Mwingine Bahi: Dhana Potofu Kuhusu Mtaa Salama wa Kupanga Dodoma

Wanandoa wengi wanaohamia Dodoma siku hizi hawafanyi kazi upande mmoja wa mji. Mmoja yuko wizarani Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita 17 mashariki ya mjini. Mwenzake ni muuguzi Bahi, takriban kilomita 55 magharibi, au yuko Msalato upande wa kaskazini, au viwandani Nala upande wa magharibi. Wakianza kutafuta nyumba huulizana mambo matatu: katikati ni wapi, mtaa gani una jina zuri, na kodi ni shilingi ngapi. Yote ni ya kuuliza, lakini hakuna hata moja linalokuambia kama mtu atafika nyumbani salama. Hilo huamuliwa na kile kipande kifupi cha kutoka kituoni hadi getini, kwa saa anayopita yule anayechelewa zaidi.

Dhana: Tukae katikati ili kila mmoja asafiri sawa

Inasikika kama haki, na kwenye ndoa haki ni jambo zuri. Shida ni barabara za Dodoma zenyewe. Kuna barabara kuu nne: ya Morogoro mashariki, ya Arusha kaskazini, ya Singida magharibi na ya Iringa kusini, na zote hukutana mjini. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa kawaida unapita mjini, utake usitake.

Pigeni hesabu ya Bahi na Mtumba. Jumla ni kilomita 72, hivyo katikati kamili ni kilomita 36 kutoka kila upande. Hapo ni kilomita 19 magharibi ya mjini, ukishaipita Nala, kwenye mashamba na vijiji. Mmeshagawana umbali sawasawa, ila sasa wote wawili wanarudi mahali ambapo usiku gari ni la kubahatisha, na akiugua mtu hospitali iko mbali.

Umbali usigawanywe nusu kwa nusu. Ugawanywe kwa kuangalia mwanga. Mtumishi wa Mtumba akitoka saa 9:30 alasiri ana karibu saa tatu kabla jua halijazama, kwa sababu Dodoma jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni kwa mwaka mzima. Hata akipanda magari mawili na kukwama njiani, atafika kweupe. Muuguzi wa Bahi anayetoka zamu ya jioni hana nafasi hiyo. Kwa hiyo safari ndefu ya ndani ya mji apewe mwenye mwanga, na nyumba isogee upande wa yule wa giza: Kizota au mitaa mingine ya magharibi inayogusa barabara ya Singida, ili ashuke mara moja na afike. Cheo na mshahara havina nafasi kwenye hesabu hii, na kama anayechelewa ni mume, nyumba isogee kwa mume.

Jambo la pili ni kubadili gari. Kila mabadiliko yana kusubiri, na kusubiri usiku kituo cha daladala cha Sabasaba huku umekumbatia begi na simu iko mkononi ndiko vibaka wanakokutaka. Dakika ishirini zaidi ndani ya gari moja ni nafuu kuliko dakika kumi za kusimama kituoni.

Jozi ya Mtumba na Msalato ni rahisi zaidi, maana hata mkipita mjini ni kilomita kama 29 tu, na mitaa ya mashariki na kaskazini ya mji inawatosha wote. Madalali watawaambia pia habari za barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayounganisha Mtumba, Veyula, Nala na Matumbulu. Ni barabara ya maana sana kwa malori. Kwenu itakuwa na maana siku mtakapoona daladala yenye leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapita kipande chenu, asubuhi na jioni. Msilipe kodi ya leo kwa usafiri wa kesho.

Dhana: Jina la mtaa linatosha

"Kaeni Area D, kaeni Kisasa, msithubutu Chang'ombe." Ushauri wa namna hii hutolewa na watu wema ambao hawajapita huko usiku kwa miguu. Mtaa ni mkubwa. Ndani ya mtaa wenye jina zuri kuna kona iliyozungukwa na mapagale, yaani nyumba zisizomalizika, na ndani ya mtaa unaosemwa vibaya kuna njia ambayo watu wamekaa barazani hadi saa 4 usiku.

Mapagale ndiyo kipimo ambacho wageni hawakijui. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vingi vimenunuliwa, vikajengwa hadi usawa wa renta, vikaachwa. Nyumba isiyo na milango wala mwenyewe ni maficho ya mtu na ya mali iliyoibwa. Simama kwenye geti la nyumba unayoitaka, tembea hatua mia kila upande, hesabu mapagale. Moja lenye mlinzi au fundi si tatizo. Matatu yaliyoota majani, hasa likiwamo linalopakana na ukuta wenu wa nyuma, tafuteni kwingine.

Kipimo kingine ni duka la karibu. Muulize mwenye duka anafunga saa ngapi, usimuulize kama mtaa ni salama, maana atakujibu ni salama tu, nani atasema vibaya mtaa wake? Duka linalofungwa saa 12:30 jioni limeshakujibu. Kijiwe cha bodaboda nacho kina mengi: je, wapo saa 3 usiku, na wanakubali kuingia hadi mlangoni au wanaishia barabarani? Anayekataa kuingia ana sababu, na sababu hiyo ina thamani kuliko maneno ya dalali.

Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji au mwenyekiti aulizwe mambo yenye majibu ya moja kwa moja: wizi wa mwisho ulikuwa lini, saa ngapi, waliingilia wapi? Ulinzi shirikishi upo, una vijana wangapi kwa usiku, na kila kaya inachangia kiasi gani? Mtaa ambao mchango unakusanywa na risiti zinaonekana una ulinzi. Ukiambiwa "upo, ila kwa sasa umesimama," andika kwamba haupo.

Dhana: Hatari ni usiku tu

Kuanzia Juni hadi Agosti, jua la Dodoma huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Mtu anayetakiwa kuwa mezani Mtumba saa 1:30, naye anatoka Kizota kwa magari mawili, lazima awe barabarani kabla ya saa 12. Ni giza. Maduka yamefungwa, walinzi wa usiku wamechoka, na wezi wa simu wanajua ratiba ya wafanyakazi kuliko wafanyakazi wenyewe. Mwezi Novemba, jua likichomoza karibu saa 12:10, safari hiyohiyo haina shida, na ndiyo maana aliyepanga nyumba Novemba hushtuka Julai.

Kwa hiyo linganisheni nyumba kwa dakika za giza. Chukueni dakika za kutembea au kupanda boda gizani, zidisheni kwa idadi ya safari za wiki za wote wawili. Nyumba ya kwanza ina dakika 15 za uchochoro, safari 10 za giza kwa wiki: dakika 150. Ya pili iko dakika 4 kutoka lami, safari ni 10 vilevile, ila kila siku mnakaa ndani ya gari dakika 20 zaidi: dakika 40 za giza kwa wiki. Ya pili ni salama zaidi hata kama kodi imezidi kidogo. Ulizeni pia kazini kama kuna basi la wafanyakazi, na hasa linapochukulia watu, maana kituo chake kinaweza kubadili hesabu yote.

Njia yenyewe ipimwe kwa miguu, siku ya kazi, kwa saa halisi, mara mbili: alfajiri na usiku. Taa za barabarani zihesabiwe zikiwa zinawaka. Nguzo peke yake haimuliki mtu.

Dhana: Ukuta mrefu na geti ni ulinzi tosha

Ukuta humchelewesha mwizi anapoingia, kisha humficha akishaingia. Nyumba ya peke yake yenye ukuta wa mita mbili na nusu, ambayo wote wawili mnatoka saa 12 asubuhi na kurudi jioni, ni nyumba tupu kwa saa kumi na zaidi. Mwizi wa mchana anaipenda. Nyumba mbili au tatu za wapangaji ndani ya uzio mmoja, ambako kila wakati kuna mtu nyumbani, mara nyingi hulinda vizuri zaidi kuliko waya wa umeme juu ya ukuta. Ubaya wake ni kugawana mita ya LUKU, na hilo huleta ugomvi kuliko wezi. Dai mita yako.

Ndani, kagueni haya. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza hung'olewa kwa kuinuliwa, kwa hiyo lazima kuwe na nondo au grili kwa ndani, iliyochimbiwa ukutani, si ya kufungwa kwa skrubu kwenye fremu. Grili ya dirisha moja la chumba cha kulala iwe ya kufunguka, ufunguo ukining'inia mahali unapofikika kutoka kitandani na haufikiki kwa mkono kutoka nje. Moto ukianzia sebuleni, grili zisizofunguka zinawafungia ninyi. Kitasa cha mlango mkuu kibadilishwe siku ya kuhamia, kwa kuwa hamjui mpangaji aliyepita alichonga funguo ngapi. Na kufuli kubwa linaloning'inia nje ya geti mchana kutwa ni tangazo kwamba hakuna mtu.

Dhana: Korongo si suala la usalama

Watu wengi hutafuta nyumba kati ya Julai na Oktoba, wakati ardhi ya Dodoma ni kavu kabisa na korongo ni njia nzuri ya mchanga ambayo watoto huchezea mpira. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na hunyesha kwa nguvu juu ya ardhi ngumu isiyonywa maji haraka. Korongo lililokuwa njia ya mkato ya dakika 3 linageuka mto kwa saa mbili, na anayerudi kazini anabaki ng'ambo, gizani, au anazunguka njia ambayo hamkuipima. Sehemu za Nkuhungu zinajulikana kwa maji kuingia ndani ya nyumba, lakini kila upande wa mji una mabonde yake.

Hata kiangazi dalili zipo. Tazama mstari wa tope ukutani, hasa nyuma ya nyumba ambako rangi haijarudiwa. Tazama vizingiti vya milango vya jirani: vikiwa vimeinuliwa kwa tofali mbili, hawakufanya hivyo kwa urembo. Mifuko ya mchanga, mashina yenye mizizi iliyo wazi, karavati lililoziba taka, yote ni majibu. Kisha uliza boda kama mwezi wa pili wanafika hapo.

Maji ya bomba nayo yanaingia humuhumu. Sehemu kubwa ya maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mgao upo. Kwa watu wawili wanaotumia lita 150 kwa siku, simtanki la lita 1,000 linatosha siku sita hadi saba. Nyumba isiyo na tanki itakutoa nje na ndoo saa 4 usiku, siku maji yanapofunguliwa.

Dhana: Tukinunua gari moja, mtaa wowote utafaa

Chukueni nyumba ya Kizota, kilomita kama 5 magharibi ya mjini. Wa Bahi akienda na gari peke yake ni kilomita 50 kwenda na 50 kurudi. Akimpeleka kwanza mwenzake Mtumba na kumfuata jioni, zinaongezeka kilomita 88 kwa siku. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 19 kila siku, tena mmoja anakaa ofisini akisubiri hadi usiku. Haitadumu mwezi.

Gari pia huhamisha hatari, haliiondoi. Barabara ya Singida ndiyo njia ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na jioni ng'ombe na mbuzi hurudi zizini wakivuka lami bila kuangalia ratiba ya mtu. Kuliendesha gari hilo usiku, baada ya zamu, ukiwa na usingizi, ni hatari kuliko uchochoro wowote. Kwa siku za zamu ya usiku, chumba kidogo cha kupanga Bahi au kitanda kwa mwenzako wa kazi ni bei rahisi.

Dhana: Lipa mwaka mzima, uhakika ndio usalama

Ofisi za Dodoma zimekuwa zikihama. Baadhi ya wizara zilianzia kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kabla ya Mji wa Serikali kuzinduliwa Aprili 2019, na watumishi waliopanga karibu na chuo wakajikuta wanavuka kwenda Mtumba. Ulizeni kazini kama kuna mpango wa kuhama, kisha lipeni miezi sita, hata kama mwenye nyumba atanung'unika. Mkataba uandikwe nani anatengeneza grili, taa ya nje na geti, na ndani ya siku ngapi. Lipeni baada ya vitu hivyo kutengenezwa. Mwenye nyumba akishapokea fedha, fundi hupatikana kwa shida.