Je, wajua kwa nini msikiti wa Karakol una paa la Kichina?

Karakol ni mji mdogo wa mashariki mwa Kirgizistani, nchi ya Asia ya Kati, karibu na ziwa Issyk-Kul. Humo mna jengo la mbao lenye nguzo nyekundu, nakshi za kijani na manjano, na paa lililokunja ncha zake kuelekea juu. Mgeni hudhani ni hekalu la Kibuddha. Kumbe ni msikiti, na adhana yake ndiyo hiyo hiyo tuijuayo.

Wenyewe ni Wadungan, Waislamu wenye asili ya Uchina, ambako ndugu zao huitwa Wahui. Mwaka 1862 Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa Uchina waliasi utawala wa Qing, nasaba ya wafalme wa Uchina wa wakati huo. Uasi ulipozimwa, walionusurika walivuka milima ya Tian Shan katika theluji ya mwishoni mwa 1877. Wengi walifia njiani. Waliofika waliingia katika himaya ya Urusi, iliyokuwa imeanzisha Karakol mwaka 1869 kama kituo cha jeshi.

Miaka thelathini baadaye wakajijengea msikiti, kati ya 1907 na 1910, kwa ufundi wa kwao: mbao zimechongwa zikapachikana bila misumari ya chuma. Kwa hiyo hawakuiga hekalu la mtu. Misikiti ya Wahui ilikuwa na sura hiyo karne nyingi kabla yao. Ule mkuu wa mjini Xi'an, Uchina, ni shahidi. Ukiusogelea wa Karakol utaona hata joka kwenye nakshi. Enzi za Kisovieti uliwahi kufungwa ukageuzwa ghala, kisha katika miaka ya 1940 ukarudishiwa waumini.

Lakini msafiri akiishia msikitini atakuwa ameona nusu tu. Nusu ya pili iko sokoni, kwenye kijia chembamba cha akina mama wanaouza ashlyan-fu. Hiki ndicho chakula cha Wadungan kilichoteka mji mzima, Wakirgizi na Warusi pamoja. Wanga hupikwa, huachwa ugande uteleze kama halua isiyotiwa sukari, kisha hukatwa vipande virefu. Huchanganywa na tambi za ngano, mayai, vitunguu saumu na majani mabichi, halafu humiminiwa mchuzi wa siki uliopoa na pilipili nyekundu iliyokaangwa. Ndiyo, mchuzi baridi! Aliyezoea supu ya moto atasita kwa kijiko cha kwanza. Ile siki inapokutana na pilipili, hasa jua la kiangazi likiwaka, ataelewa kwa nini watu husafiri kutoka mji mkuu Bishkek, yapata kilomita 400, na kutaja bakuli hili kabla ya kutaja ziwa.

Agiza pamoja nalo pirozhki, mkate wa kukaanga wenye viazi ndani, ukiwa bado wa moto. Mng'ato mmoja wa mkate, kijiko kimoja cha mchuzi. Wenyeji hula hivyo.