Kupona kiwewe: tunayoambiwa na yaliyo kweli

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Msemo huu hufaa sana kwa waliokosana wakataka kupatana, lakini aliyenusurika ajali mbaya, ubakaji au vita akiambiwa hivyo, hufungiwa mlango, kwa sababu kwake yaliyopita bado hayajapita. Hicho ndicho kiwewe: jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Breki za gari zikilia barabarani, yeye aliyeketi salama sebuleni hushtukia moyo ukimwenda mbio, viganja vikilowa jasho na mguu ukikandamiza sakafu kana kwamba anatafuta breki yake. Hajitakii. Amigdala, sehemu ya ubongo inayotambua hatari, huutayarisha mwili kukimbia au kupambana kabla akili haijapata nafasi ya kupima kama hatari ipo kweli. Ndiyo maana "jikaze" haimsaidii. Humwongezea aibu tu juu ya maumivu aliyo nayo.

Si kweli pia kwamba kila aliyepatwa na mkasa mzito lazima augue. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 70 ya watu hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu kati yao wanaopata ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Majinamizi, kushtuka ovyo na kukosa usingizi katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida, na kwa wengi hupungua. Dalili zikipita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi au kuishi na wenzake, hapo amwone mtaalamu, wala asingoje muda umtibu.

Dhana inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa hutoka kwa watu wenye nia njema, ni ile ya kumshurutisha mwathirika asimulie kila kitu papo hapo "ili autue mzigo". Kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mkasa mara baada ya kutokea hakijaonekana kuzuia ugonjwa huo, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Saa za mwanzo mtu huhitaji usalama, maji, mahali pa kulala, njia ya kuwapata jamaa zake, na msikilizaji asiyemdodosa. Kusimulia kuna wakati wake. Katika tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, mgonjwa hulikabili tukio hatua kwa hatua, akiwa na mtu aliyefunzwa, mpaka kumbukumbu ile ikae mahali pake kama jambo lililotokea zamani na si linalotokea sasa.

Pombe na dawa za kutuliza zinazonywewa kiholela huleta usingizi wa usiku mmoja tu, na uraibu nao hunyemelea.

Wapo pia wanaodhani kwamba aliyepona husahau. La hasha, hukumbuka, ila kumbukumbu haimtawali tena. Tarehe ya tukio inapokaribia, dalili zinaweza kurudi kwa siku kadhaa hata kwa aliyekaa vizuri miaka mingi, na huko si kushindwa. Inafaa awaarifu mapema watu wake wa karibu, apunguze shughuli siku hizo, na akiona uzito unazidi, arudi kwa mshauri wake bila kusita.