Ruaha Mkuu hukatika kwa nini? Dhana potofu na ukweli wake

Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu, kusini mwa Tanzania, hukatika (huacha kutiririka) karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila ukikatika maelezo yale yale husikika.

Dhana: Mvua imepungua, basi.

Ukweli: Mito inayoulisha, kama Mbarali, Kimani na Ndembera, huendelea kushusha maji kutoka nyanda za juu hata kiangazi. Maji hupotelea njiani, katika bonde la Usangu. Huko kuna kinamasi cha Ihefu, ambacho ni kama beseni lenye mdomo wa mwamba pale Ng'iriama: maji yakipita juu ya mwamba, mto hutiririka, yakishuka chini yake, hata kidogo, unakatika. Na jua la Usangu halipumziki. Basi kinachoamua ni yale maji machache yanayofika Ihefu miezi ya ukavu.

Dhana: Banio la zege huokoa maji.

Ukweli: Hii ndiyo iliyoleta hasara kubwa, kwa maoni yangu, maana imejengwa kwa nia njema. Banio ni kizuizi cha mtoni kinachogeuzia maji kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Banio la zamani la magogo, mawe na majani lilivuja, na mafuriko yalilibomoa. Kule kuvuja ndiko kulikuwa mgawo wa watu wanaoishi chini zaidi ya mto. Banio la zege lenye lango la chuma halivuji; kiangazi linaweza kumeza mto mzima, kisha maji yakapotelea mferejini au kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Mkulima naye ana hesabu yake: anayewahi kuotesha kitalu huvuna mapema na kuikuta bei ingali juu, kwa hiyo anayataka maji Novemba, mto ukiwa hoi. Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji hutaja kiasi cha kuchukua, lakini pasipo kipimo kwenye mfereji, kiasi hicho kinabaki karatasini. Kinachosaidia hakina uzinduzi wala utepe wa kukata: zamu kati ya mifereji, jumuiya ya watumia maji yenye meno, na lango kufungwa baada ya mavuno.

Dhana: Wafugaji wakiondoka, mto utapona.

Ukweli: Mifugo iliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa hifadhini. Mto uliendelea kukatika. Ng'ombe huharibu kingo, sikatai, ila anachokunywa ni kidogo mno ukilinganisha na mfereji wa mpunga.

Dhana: Madimbwi yakibaki, viumbe watasalimika.

Ukweli: Viboko husongamana humo, kinyesi hujaa, oksijeni hushuka na samaki hupungua. Mtiririko ukirudi, maji hayo hayo machafu husukumwa kuelekea chini ya mto. Wingi na ubora wa maji haviwezi kusimamiwa kila kimoja peke yake.

Dhana: Panda miti yoyote kwenye chanzo.

Ukweli: Mikaratusi hunywa sana. Kando ya chemchemi panafaa miti ya asili.

Dhana: Wakulima wa Usangu ndio walioleta mgao wa umeme wa miaka ya 1990.

Ukweli: Bwawa la Mtera, linalohifadhi maji ya kuendeshea pia mitambo ya umeme ya Kidatu, hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, na Ruaha Mdogo na Kisigo huchangia. Maji ya kiangazi yanayozuiwa Usangu ni sehemu ndogo ya ujazo wake. Namna bwawa lilivyofunguliwa na kufungwa miaka ile ilistahili kuulizwa kwanza, lakini kumlaumu mwenye jaruba ilikuwa rahisi zaidi.