"Lakini Pesa Haikutoka Benki"

Wiki iliyopita, pale Kilimani, mwanzilishi wa kampuni ya programu alinigeuzia kompyuta nijionee faida yake. Chini ya mishahara kulikuwa na mstari mtupu: opsheni za hisa, yaani haki anayopewa mfanyakazi ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyopangwa mapema. "Madam, hiyo si gharama. Hakuna shilingi iliyotoka benki." Kauli hii nimeisikia hadi naweza kummalizia mtu kabla hajafungua mdomo.

Uchakavu wa gari nao hautoi shilingi benki, na hakuna anayebisha kuwa ni gharama. Kampuni imepokea kazi ya mhandisi, ama haikupokea? Alikubali mshahara mdogo kwa sababu ya hizo opsheni. Mnyang'anye uone kama Jumatatu utamkuta kazini. Anayemlipa ni mwenye hisa, ambaye kipande chake kinapungua.

Tupige hesabu. Umempa opsheni 12,000. Siku ya kumpa, kila moja imekadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 50, sharti akae miaka 3. Jumla ni 600,000. Kila mwaka 200,000 inaingia kwenye gharama za wafanyakazi, na kiasi hicho hicho kinaandikwa upande wa mtaji. Benki haiguswi. Ndivyo IFRS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu malipo ya hisa, inavyotaka tangu 2005, na Kenya tulianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu 1999. Wamarekani walivutana sana. Mwaka 1994 hata Seneti yao ilipiga kura kupinga. Mwisho wa 2004 nao wakakubali.

"Sisi bado wadogo." IFRS ya biashara ndogo na za kati ina sehemu ya 26. Isome.

"Thamani yenyewe ni ya kukisia." Ni makadirio, kama unavyokadiria wadaiwa wasiolipa. Sifuri nayo ni makadirio, tena mabovu kuliko yote.

"Na akiacha kazi?" Akiondoka kabla ya miaka 3, gharama iliyoandikwa inafutwa vitabuni. Akimaliza muda wake, kisha bei ya hisa ianguke asinunue, haifutwi. Hapo ndipo sauti hupanda ofisini, lakini kazi alishaifanya.

Ninachowasihi wateja wangu kila siku: barua ya opsheni isainiwe na iwe na tarehe, maana thamani inapimwa kwa tarehe hiyo. Pale Kilimani niliomba barua, nikaonyeshwa simu. Ahadi zote zilikuwa WhatsApp, moja ikiishia na kidole gumba tu.