Gazeti moja wagonjwa 8, jingine 9: tuamini lipi?

Swali: Ukisimama kwenye meza ya magazeti asubuhi, kila moja lina namba yake kuhusu ugonjwa uleule. Nani anadanganya?

Mara nyingi hakuna. Chukua Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na kutokwa damu, ulioingia mkoa wa Kagera, Tanzania, mwaka 2023. Ilipotangazwa kwisha Juni 2, watu 8 walikuwa wamethibitishwa na maabara. Mmoja zaidi aliingizwa kwenye hesabu kwa dalili zake na ukaribu wake na wagonjwa wengine, maana alifariki kabla ya kuchukuliwa sampuli. Kwa hiyo aliyeandika 8 yuko sahihi, na aliyeandika 9 pia. Kosa ni kuandika namba tupu, bila kusema kama ni waliothibitishwa au wahisiwa. Mimi hulitafuta neno hilo kwanza, na mara nyingi limejificha aya ya tatu au ya nne, ambako msoma vichwa vya habari hafiki.

Swali: Nimesoma kwamba Marburg inaua asilimia 88. Ni kweli?

Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Vifo vimekuwa kati ya asilimia 24 na 88 kutegemea mlipuko, wastani ukiwa karibu nusu. Kagera walifariki 6 kati ya wale 9. Anayewahishwa hospitali, akaongezewa maji na kutibiwa dalili, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Hii 88 ikiandikwa peke yake inaniuma sana, kwa sababu familia inakata tamaa na kumficha mgonjwa ndani. Mama anayefua shuka zenye matapishi na damu kwa mikono mitupu ndiye anayefuata kuugua.

Swali: Na "ugonjwa wa ajabu" je?

Julai 2022 huko Lindi watu walishikwa na homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vilitoka hasi, na kwa siku kadhaa "ugonjwa wa ajabu" ndilo lilikuwa jina lake. Julai 18 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja: homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na kumwingia mtu kupitia michubuko, macho au maji machafu. Dawa za antibayotiki zinautibu. Ukiandika "ajabu", msomaji anawaza uchawi. Ukiandika "haujajulikana, vipimo vinaendelea", anakwenda kituo cha afya.

Swali: Jana gazeti lilikanusha, leo limethibitisha. Tushike lipi?

Angalia tarehe. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Marburg inayohisiwa Biharamulo, wilaya ya Kagera. Wizara ikasema sampuli hazikuonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais Samia akathibitisha mgonjwa mmoja. Picha ya ukurasa wa Januari 16 ikirushwa kwenye WhatsApp wiki mbili baadaye inapotosha, ingawa siku ile ilinukuu sawasawa.

Swali: Nisambaze ukurasa wenye jina au picha ya mgonjwa?

Hapana. Waliomgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21. Wakianikwa hadharani watajificha, na wahudumu watawatafuta bila kuwaona. Kama unamjua mwenye dalili, piga 199, namba ya Wizara ya Afya Tanzania, ni bure, ueleze alipo.