Balmoral si ngome ya kale

Picha ya Balmoral, jumba la familia ya kifalme ya Uingereza huko Uskoti, ikipita mahali, hakosi mtu wa kusema "ngome ya enzi za kati". Jengo lenyewe halijatimiza miaka 200. Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, alinunua eneo hilo mwaka 1852, na nyumba ya sasa ikajengwa kwa graniti kati ya 1853 na 1856 chini ya William Smith, msanifu wa Aberdeen.

Mtindo wake unaitwa wa kibaroni: nyumba kubwa za mashambani za Uskoti, hasa za karne ya 19, zilizoiga minara ya kuishi ya mababu. Utaona viminara vimening'inia kwenye pembe za juu, na kuta za mwisho wa paa zimekatwa vidato kama ngazi. Ndiyo hivyo tu.

Kinachowachanganya watu ni ile minara iliyoigwa. Hiyo ilijengwa na wenye ardhi waliokuwa na sababu ya kumhofia jirani. Chini ghala lenye dari ya tao la mawe, juu yake ukumbi, juu zaidi vyumba vya kulala. Mlango mmoja, na nyuma yake lango la vyuma vilivyosukwa. Craigievar, mnara mmojawapo wa Uskoti uliokamilika mwaka 1626, una lango la namna hiyo mpaka leo. Ila mwenye mnara huo, William Forbes, alikuwa mfanyabiashara aliyetajirikia nchi za Bahari ya Baltiki, na vile viminara vyake vya juu, kwa maoni yangu, tayari vilikuwa mbwembwe zaidi ya ulinzi.

Halafu kuna Blair, kasri jingine la Uskoti, inayovuruga hesabu kabisa. Kiini chake ni cha karne ya 13. Katikati ya karne ya 18 wenyewe wakaipunguza minara ili ifanane na nyumba za kisasa za wakati huo. Miaka ya 1870 mwenye nyumba akamwita msanifu David Bryce arudishe viminara na vidato. Kwa hiyo "ukale" mwingi unaopigwa picha pale ni kazi ya Bryce.

Ukitaka kutofautisha ngome na nyumba ya kuiga, tazama madirisha ya chini. Anayengoja kuvamiwa haweki kioo kipana usawa wa bustani.

Balmoral basi iite kasri, au nyumba ya kibaroni, hutakosea. Jina la ngome iachie Stirling, nayo ya Uskoti, iliyozingirwa kweli kwa mizinga mwaka 1746.